Ngozi Kumi na Nne za Perege

Mimi sikumtaka. Nalisema waziwazi kwa sababu siku hizi kila mtu hapa wodini anajidai alimpenda tangu siku ya kwanza, waongo wakubwa. Siku daktari wetu wa majeraha ya moto alipomleta yule mama mlangoni kwangu, ndala miguuni na ndoo ya plastiki mkononi, nilimtazama juu mpaka chini nikamwuliza daktari, "Huyu ni mgonjwa au amekuja kuuza?" Daktari akanijibu kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, "Huyu ndiye atakayetutengenezea ngozi, sista." Nikajisemea moyoni, haya, tumekwisha.

Ngozi yenyewe ni ya samaki. Ndiyo, umesikia vizuri, ngozi ya perege, inawekwa juu ya mtu aliyeungua. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa mara ya kwanza. Lakini ngoja nikueleze kazi yangu ilivyokuwa, ndipo utajua kwa nini niliacha kucheka. Mtu akimwagikiwa na maji ya moto, ngozi ya juu inatoka na kuacha nyama mbichi. Unampaka dawa, unamfunga bandeji, na kesho yake asubuhi unaibandua ili umsafishe. Bandeji imeshashikana na kidonda. Unailowesha, unavuta polepole, unambembeleza, unamdanganya kwamba imebaki kidogo. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Wanaume wazima na ndevu zao wamenililia wakiita mama zao, halafu nyumbani mume wangu ananiambia nimekuwa mkali. Wewe ungekuwaje?

Ngozi ya perege inaondoa hilo. Ikishatolewa nyama yote, ikalowekwa kwenye dawa na gliserini, ikapigwa mionzi ya kuua vijidudu, inakaa kwenye friji miezi na miezi. Ukiilaza kwenye kidonda kisafi, inashika. Inakauka palepale, na chini yake mtu anaota ngozi yake mwenyewe taratibu, wiki mbili, wiki tatu, kisha ile ya samaki inabanduka yenyewe. Haigeuki kuwa ngozi ya mtu, wala hakuna anayeota mapezi, maana hilo swali nimeulizwa mpaka nimechoka. Ila mgonjwa habanduliwi kila asubuhi. Ni hilo tu, na kwangu mimi lilitosha.

Tatizo lilikuwa kuipata ikiwa nzima. Daktari na wanafunzi wake walijaribu kwa vile visu vyao vidogo vya upasuaji, wakaharibu samaki ndoo nzima, kila ngozi ina matundu. Ndipo daktari alipokwenda mwenyewe soko la samaki, akazunguka meza moja baada ya nyingine akitazama mikono ya watu, mpaka akamwona yule mama. Anachanja nyuma ya kichwa, anashika kwa vidole viwili, anavuta mara moja, na ngozi inatoka kama soksi. Daktari alisimama pale saa nzima. Watu wakadhani ni bwana afya amekuja kufunga soko.

Mama huyo alikuwa kwenye meza ile tangu ana miaka kumi na mitatu, kwanza pembeni ya mama yake, baadaye peke yake. Vidole vilikuwa vimejaa makovu ya miiba. Mume wake fundi viatu, mtu mpole asiyependa maneno, na watoto walishajitegemea. Yeye mwenyewe ukimsalimia anaitikia, ukinyamaza ananyamaza. Wauguzi wakampachika jina la Dokta Samaki, mwanzoni kwa kejeli, kisha wakasahau kwamba ilikuwa kejeli. Tulimfundisha kuvaa glovu, kofia na koti jeupe. Siku ya kwanza alipovaa lile koti nilimkuta mbele ya kioo cha chooni, anageuka kujitazama mgongoni. Nikajifanya sikuona.

Na kazi aliijua, nisimnyime haki yake. Kwa mwaka mmoja na nusu sikupata ngozi hata moja yenye tundu. Mimi niliyemwita muuza samaki nikaanza kumwekea chai yake ya saa nne. Lakini kwa nini lile koti jeupe lilikuwa jambo kubwa kwake, sikuelewa mpaka nilipomjua wifi yake.

Wifi mtu, dada mkubwa wa mume wake, alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Mwanamke mnene, mchangamfu, sauti inafika mpaka barabarani na mdomo haupumziki. Utani wa mawifi tunaujua sote, mimi mwenyewe ninao wawili na hawaniachi nipumue. Lakini huyu alipitiliza. Siku ya harusi aliuliza mbele ya wageni, "Jamani, kaka yangu ameoa au ameleta kitoweo?" Watu wakavunjika mbavu, na yeye akaona amepata kazi ya maisha. Miaka ishirini na sita ni shombo tu. Wifi, usikalie kochi hilo. Wifi, fungua dirisha kwanza ndiyo uingie. Mwenzake alikuwa anaoga mara mbili na kusugua mikono kwa ndimu kabla ya kwenda ukweni, na bado akifika, wifi anaziba pua kwa vidole viwili, anacheka, kisha anamkumbatia kwa mkono mmoja, pua imezibwa vilevile. Maana alikuwa anampenda, na hilo ndilo lililomchosha Dokta Samaki kuliko yote. Adui ungemnunia ukamaliza.

Sasa, wiki ile ya mkosi, walikuwa kwa mama mkwe, nyumba imejaa wageni. Wifi akachukua chupa ya manukato akamzunguka Dokta Samaki akimpulizia mgongoni, kichwani, mpaka kwenye viatu, watu wanapiga makofi. Na siku hiyo, mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, Dokta Samaki akajibu. Alisimama akasema, "Ipo siku utanililia wewe, na hiyo pua yako." Akachukua mkoba wake akatoka. Kila mtu alisikia, na mama mkwe alisikia kuliko wote.

Siku tano baadaye sufuria kubwa la maji yanayochemka likateleza jikoni pale shuleni. Lilimpata wifi mikono yote miwili, kuanzia kwenye vidole mpaka mabegani, na kifua sehemu ya juu.

Waliomleta walikuwa wanalia kuliko yeye. Yeye alikuwa anatetemeka tu, na alipoona mimi ndiye ninayemvua nguo akasema, "Sista, taratibu, hiyo sidiria ni ya kuazima." Nikajua nimepata mgonjwa. Daktari alimkagua akasema ni majeraha yanayofaa kabisa kwa ngozi ya samaki, na bila ngozi hizo, vidole vya mkono mmoja vinamtia wasiwasi, maana vidole visiponyooshwa mapema vinakakamaa, na mtu mwenye maumivu hanyooshi. Kwa mpishi, hivyo vidole ndiyo kazi yenyewe. Nikaenda kwenye friji. Zilikuwa zimebaki ngozi kumi na nne. Fungu jingine lilikuwa kwenye mionzi, halirudi kabla ya wiki tatu. Daktari akapima kwa macho akasema zinatosha, ila kipande hakiwezi kuharibika hata kimoja.

Nilipomwambia Dokta Samaki jina la mgonjwa, aliweka ndoo chini. "Huyo ni wifi yangu," akasema. Nikamwambia kama hawezi, kazi ya kesho nitamtafutia mtu. Akakataa kwa kichwa. Akasema, "Huyu nitamwoshea mwenyewe."

Kuosha ndiko kulikobaki. Ngozi zikitoka kwenye friji zimejaa gliserini, kwa hiyo asubuhi ya upasuaji zinasuuzwa kwenye mabeseni matatu ya maji ya chumvi, yale safi ya hospitali yanayotoka kwenye chupa, dakika tano kila beseni. Alikuwa ameshafanya hivyo mara nyingi kuliko hesabu yangu. Sikumsimamia. Nilikuwa na mambo yangu ya kuandaa, na kusema kweli nilikuwa namwamini.

Yaliyotokea mle ndani alinisimulia mwenyewe baadaye, na nayasema kama alivyoyasema. Alizisuuza beseni la kwanza, beseni la pili, kisha akainama akanusa. Gliserini inaacha harufu kidogo sana, mimi hata siisikii. Yeye akaisikia, au hofu yake ndiyo iliyoisikia. Akawa kama anamwona wifi yake anaamka kutoka usingizini, ngozi za samaki zimemkaa mikononi na kifuani, na pua iko karibu nazo usiku na mchana. Akajiuliza, huyu atasema nini? Atasema nimempaka shombo yangu kwa makusudi. Atasema, si alisema nitamlilia? Na ukoo mzima utaamini.

Mkobani alikuwa na ndimu zake tatu, za kunawia mikono, hazimtoki kama wengine wasivyotokwa na leso. Akazitazama. Sasa fikiria kwa akili ya mtu aliyeosha samaki maisha yake yote. Samaki anaoshwa kwa chumvi na ndimu. Chumvi bila ndimu ni kazi nusu, mama yake angemchapa. Na hapa hospitali wanamwekea maji ya chumvi kila siku, na kila siku amekuwa akijiuliza kimoyomoyo mbona hawamalizii. Akakata ndimu mbili akazikamulia kwenye beseni la tatu. Akazigeuza zile ngozi polepole kwa upendo wote, dakika tano kamili kwa saa ya ukutani.

Mimi nikaja kuchukua sinia. Harufu ikanipiga puani, safi, nzuri. Nikasema, "Leo umetuletea ngozi au maua?" Ee Mungu wangu, nilisema hivyo, na sikuuliza. Yeye akatabasamu. Nikabeba sinia nikaingia chumba cha upasuaji.

Wifi alikuwa ameshalazwa usingizi. Tulimsafisha vidonda, daktari akaanza na vile vidole vilivyokuwa vinamtia wasiwasi. Mimi nampa kipande, yeye anakilaza, anakinyoosha kwa kidole, anatoa viputo vya hewa. Kazi ya utulivu kabisa.

Nje, Dokta Samaki alivua glovu, akachukua ndimu iliyobaki akaikata anawe mikono kama kawaida yake. Juzi yake alikuwa amechomwa na mwiba kwenye kidole gumba. Ndimu ikaingia pale. Akafanya "ssss," akakung'uta mkono, kama alivyoukung'uta maelfu ya mara. Kisha akasimama na mkono hewani. "Miaka yote ndimu inaniuma, sista," aliniambia. "Lakini nilikuwa naosha samaki. Samaki hajawahi kuniambia inamuuma."

Akaiacha ndimu pale akatoka. Kati yake na mlango wa chumba cha upasuaji kulikuwa na korido, na kwenye benchi la korido walikaa mume wake na mama mkwe. Mama mkwe akamshika koti. "Umeziosha vizuri, mwanangu?" Akajibu, "Nimeosha, mama." Akatembea mpaka kwenye ule mstari mwekundu wa sakafuni, pale ambapo mtu wa nje havuki. Akasimama.

Alisimama pengine dakika nne. Aliniambia kila alichokiwaza, na sitamhukumu, kwa sababu mimi ningewaza vibaya zaidi. Aliwaza labda haitadhuru kitu, itamwasha tu na atapona. Aliwaza hakuna atakayejua, hata yule sista mkali amesifia harufu. Aliwaza akisema, ngozi zote kumi na nne zinatupwa, na wifi yake anabanduliwa kila asubuhi kwa sababu yake. Aliwaza lile neno alilolitamka mbele ya wageni. Nani atakubali kwamba mtu aliyesema vile, siku sita baadaye, ametia ndimu kwenye dawa ya wifi yake kwa wema? Na koti. Aliwaza na koti lake. Nyuma yake mama mkwe alikuwa anaomba dua kwa sauti ya chini, na ndani sisi tulikuwa tumeshalaza vipande vitatu.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Namwona Dokta Samaki huyo, ndala zake za nje miguuni, kichwa wazi, anaingia kama ng'ombe aliyekata kamba. Nikapandisha mori. "Toka! Umerogwa? Toka na ndala zako kwenye chumba changu!"

Hakunitazama. "Dokta, toa," akasema. "Toa zote. Nimetia ndimu."

Mkono wa daktari ukasimama na kipande cha nne. "Umetia nini?"

"Ndimu. Beseni la mwisho. Mbili."

"Ndimu za wapi?"

"Za mkobani mwangu. Za sokoni."

Daktari hajawahi kupaza sauti tangu nimjue, na siku hiyo pia hakupaza. Akasema, "Sista, maji. Mengi." Tukatoa vile vitatu, tukaosha vidole vile, tukarudia, tukarudia tena, mtaalamu wa usingizi anatutazama amekodoa macho. Kisha daktari akachukua ngozi moja kwenye sinia, akaishika kwa mikono miwili kwenye taa, akaivuta kidogo. Ngozi ambayo kwa kawaida unaivuta mpaka vidole vinauma, ikachanika katikati kama karatasi iliyolowa. Akatikisa kichwa. Alisema ingekaa siku mbili, tatu, kisha ingefumuka, na uchafu wa sokoni ungekuwa chini yake unapika usaha juu ya vidole vile. Akaniamuru nizitupe. Nikazimimina zote kwenye ndoo ya taka, na nikalia, kwa hasira, nakuambia, si kwa kitu kingine. Tukampaka dawa ya kawaida, tukamfunga bandeji za kawaida.

Daktari ndiye aliyetoka kuzungumza na ndugu. "Ngozi zilikuwa na hitilafu," akawaambia. "Tutamtibu kwa njia ya kawaida." Mama mkwe akashukuru. Mume akashukuru. Hakuna aliyeuliza.

Tukakaa watatu ofisini. Daktari akamwambia Dokta Samaki asiguse mabeseni mpaka atakapoamua la kufanya naye, na kwamba ndugu hawana haja ya kujua zaidi ya walichoambiwa. Na mimi, niliyekuwa nimeshamtukana kwenye korido mpaka nikaishiwa maneno, nikamwunga mkono daktari. Nikamwambia, "Sikiliza. Jikaze kisabuni, nyamaza. Nawajua wakwe. Watakumeza mzima." Nilidhani namsaidia. Na tuseme ukweli wote, nilikuwa naisaidia na wodi yangu.

Kesho yake asubuhi nikaenda kubandua.

Wifi alianza na mizaha. "Sista, ukiniua nitarudi nikusumbue, mimi nina mdomo hata nikiwa maiti." Nikalowesha, nikavuta. Mizaha ikaisha kwenye kidole cha pili. Mgonjwa mwingine ningemwambia muuguzi amshike mkono, lakini huyu mikono yenyewe ndiyo iliyoungua, hakuna pa kumshika. Akauma taulo. Taulo likadondoka, akapiga ukelele uliofika mapokezi. Nilipomaliza alikuwa amelowa jasho, na mdomo unacheza. Akaniuliza, "Si niliambiwa nitawekewa za samaki, sitabanduliwa?"

"Zilikuwa na hitilafu," nikasema.

"Hitilafu gani?"

Nikakusanya mikasi yangu.

Dokta Samaki alikuwa nje ya mlango. Alikuja asubuhi ile na asubuhi iliyofuata, anasimama pale ukutani na nguo zake za kawaida, anasikiliza mwanzo mpaka mwisho, kisha anakwenda zake. Nilimfukuza mara mbili. Hakuondoka.

Siku ya pili, baada ya kubandua, wifi alilala akitazama dari. Vidole alikuwa amekataa kuvinyoosha, anasema keshokutwa, sista, keshokutwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Mwambie wifi yangu asione haya kuja kuniona. Zingekuwa nzima angenitengenezea vizuri. Yule ana mikono, ninyi hamjui tu." Mlango ulikuwa wazi. Nilipotoka nilimkuta Dokta Samaki amekaa sakafuni, mkoba kifuani.

"Usithubutu," nikamwambia.

Siku ya tatu nilipoingia na sinia langu, ndugu walikuwa bado wamo, mama mkwe kwenye kiti, mume amesimama miguuni pa kitanda. Dokta Samaki akaingia nyuma yangu. Hakukaa. Akasema palepale, kama mtu anayeogopa kwamba akimeza mate ataacha, "Wifi, zile ngozi hazikuwa na hitilafu. Niliziharibu mimi. Nilizitia ndimu."

Mama mkwe akainuka. "Uliapa!" akapiga kelele. "Uliapa mbele za watu nyumbani kwangu! Ulisema atakulilia! Umemfanya mwanangu alie siku tatu, roho yako imetulia sasa?" Mume akasema, "Mke wangu, sema si kweli." Akarudia. Alikuwa hajasema maneno mengi hivyo tangu nimfahamu. Dokta Samaki akabaki amesimama, mikono imening'inia. Nikataka kusema kitu, na nakwambia bila kujificha, nikaanza kupanga bandeji kwenye sinia.

"Nyamazeni," akasema wifi. "Aliyeungua ni mimi."

Akamtazama wifi yake. "Kwa nini ndimu?"

"Nilisikia zinanuka."

"Zinanuka nini?"

Dokta Samaki akatazama vidole vyake. "Shombo," akasema. "Nilijua ukiamka utaisikia. Nilijua utasema nimekupaka makusudi."

Nilimtazama usoni yule mwanamke mcheshi, mwenye jibu la kila kitu. Machozi yakaanza kumtoka pembeni ya macho yakiingia masikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Mama yake hakusogea. Kaka yake hakusogea. Dokta Samaki alinyanyua mkono, kisha akaurudisha, anaogopa.

"Nifute basi," wifi akasema. "Unaniangalia tu? Huoni mikono sina?"

Akamfuta kwa kiganja. Wifi hakuziba pua, maana hata angetaka asingeweza, akavuta pumzi ndefu mkono ule ukiwa usoni pake.

"Sijakusamehe," akasema. "Usije ukadhani."

"Sidhani, wifi."

"Sista anabandua sasa hivi?"

"Sasa hivi," nikasema mimi.

"Haya. Mama, tokeni nje, wewe na kaka." Alisubiri mpaka mlango ukafungwa. "Wewe kaa hapa kichwani. Nishike kichwa, ndicho kilichobaki cha kushika. Nikipiga kelele usikimbie. Na hivi vidole leo nitavinyoosha, uviangalie."

Dokta Samaki akavuta kiti, akakaa, akakichukua kile kichwa kwa mikono miwili na kukiegemeza kifuani kwake. Wote wawili wakafumba macho. Nikachukua mkasi, nikaanza na kidole gumba.